Kilimanjaro hadi Chicago: kwa nini kwenda kunaonekana kufupi na kurudi kurefu?

*"Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Moshi. Mama yangu ana miaka 67 na hajawahi kupanda ndege. Januari anakwenda Chicago kumwangalia mdogo wangu aliyejifungua, atarudi Aprili. Tumepewa ratiba ya kupitia Amsterdam. Ya kwenda inaonyesha kutoka Kilimanjaro 20:45 na kufika Chicago kesho yake 14:00. Nikihesabu napata saa 17 na robo. Ya kurudi inatoka Chicago 16:00 na kufika Kilimanjaro kesho yake 19:30, yaani saa 27 na nusu! Kwenye intaneti nimeona umbali ni kilomita 13,100 hivi na muda wa ndege ni saa 14 na nusu. Sasa nani mkweli? Mume wangu anasema dunia inazunguka kuelekea mashariki, ndiyo maana ndege inayokwenda magharibi inawahi kufika. Na kwa nini wamzungushe Ulaya badala ya kukata moja kwa moja juu ya Kongo na bahari? Mama ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Hizo saa 27 za kurudi zinanitisha. Nimtafutie njia nyingine?"*

Marahaba dada. Umeuliza maswali manne kwa mkupuo, lakini naona linalokunyima usingizi ni moja: kwamba mama atarudi kwa safari ndefu kuliko aliyoendea, na mwili wake hautaihimili. Basi nianze na hilo. Umeipindua. Safari ndefu ni ya kwenda, na ya kurudi ni fupi, tena kwa tofauti kubwa. Ratiba haina kosa, wewe pia unajua kuhesabu. Tatizo ni kwamba umetoa saa ya Chicago kwenye saa ya Moshi, na hizo ni saa mbili zisizolingana.

Kila muda unaouona kwenye tiketi ni wa mahali pale ndege ilipo. 20:45 ni saa yetu ya Afrika Mashariki. 14:00 ni saa ya Chicago. Januari, Chicago iko nyuma yetu kwa saa 9. Mama akifika huko saa nane mchana, wewe Moshi utakuwa unaelekea kulala, saa tano usiku. Sasa hesabu tena ukitumia saa moja tu, ya kwetu: ametoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) saa tatu kasorobo usiku, amefika kesho yake saa tano usiku. Hiyo ni saa 26 na robo, si 17.

Ya kurudi fanya vivyo hivyo, ila angalia kitu kimoja. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo Aprili tofauti yetu na Chicago itakuwa saa 8, si 9. Akiondoka huko 16:00, kwetu ni saa sita kamili za usiku. Anatua KIA saa moja na nusu jioni ileile inayofuata. Hesabu: saa 19 na nusu. Hiyo ndiyo safari uliyokuwa unaiogopa.

Hapa niweke neno kuhusu usomaji wa tiketi, kwa sababu nimeona watu wazima wenye akili zao wakiachwa na ndege kwa jambo hili. Tiketi hutumia mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane. Sisi tunaanzia alfajiri. 20:45 ni saa mbili na dakika arobaini na tano usiku, hiyo haina shida. Shida huanza kwenye ndege za usiku mkubwa. Ukiona 00:40 ya tarehe 15, mtu anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Ukimpeleka jioni ya tarehe 15 utakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Na ukiona +1 pembeni ya muda wa kufika, maana yake ni kesho yake. Mwandikie mama ratiba yote upya kwenye karatasi, kwa saa zetu za Kiswahili, uandike na siku: Jumatatu usiku, Jumanne asubuhi. Asiachiwe tiketi ya mtandaoni peke yake kwenye simu inayoweza kuzima chaji.

Sasa, kwa nini kwenda kuzidi kurudi kwa saa 6 na dakika 45? Ukiikata ratiba yako vipande, majibu yanajitokeza yenyewe.

Kipande kikubwa kiko hapahapa nyumbani. Tazama vizuri tiketi ya kwenda: ndege ya mama haitoki KIA kwenda Amsterdam moja kwa moja. Inateremka kwanza Dar es Salaam. Huu ndio mzunguko wa miaka mingi wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi: inatoka Amsterdam, inashusha watu Kilimanjaro, inaendelea pwani, halafu inarudi Ulaya ikitokea huko. Mtu wa Moshi anayekwenda anaanza safari ya kaskazini kwa kuruka kilomita 450 kuelekea kusini-mashariki, anakaa kwenye kiti huku Dar wakishuka na kupanda, ndipo anaanza kwenda. Kutoka KIA hadi Amsterdam kwa mstari ni kilomita 6,900. Kwa kupitia Dar zinakuwa karibu 7,800. Kwenye ratiba yako kipande hicho kinachukua saa 12 kamili. Wakati wa kurudi ndege inatua KIA kwanza, mama anashuka, inayokwenda Dar inamwacha nyumbani: saa 8 na nusu tu. Hapo tayari tumepata saa 3 na nusu za tofauti.

Kipande cha pili ni kusubiri Amsterdam: saa 5 na robo wakati wa kwenda, saa 3 wakati wa kurudi. Kipande cha tatu, kilichobaki, ni saa moja, na hiyo ni ya upepo. Amsterdam kwenda Chicago ni saa 9, Chicago kwenda Amsterdam ni 8, ingawa kilomita ni zilezile 6,600 hivi.

Kuhusu upepo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nadharia ya shemeji inapoingia.

Shemeji yuko sahihi kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Akipanda Coaster ya Moshi–Arusha, gari likiwa kasi pale Boma Ng'ombe, arushe chungwa juu kidogo: litamrudia mkononi, halitampiga abiria wa siti ya nyuma. Ndege ikiruka KIA tayari ina mwendo wa dunia ndani yake. Ingekuwa kama anavyosema, tungepaa tu na kuelea tukisubiri Chicago ipite chini yetu.

Isitoshe, ukweli ni kinyume cha anavyosema: kuvuka Atlantiki kwenda magharibi ndiko kunakochelewa. Sababu ni mikondo ya upepo mkali inayovuma juu sana, usawa wa kilomita kama 10 hivi ambako ndege kubwa husafiria, ikitoka magharibi kwenda mashariki. Inazaliwa kutokana na tofauti ya joto kati ya ukanda wetu wa tropiki na ncha ya kaskazini. Hewa yenye joto inasukumwa kuelekea kaskazini, na mzunguko wa dunia unaipinda upande wa mashariki. Kwa hiyo dunia kuzunguka kuna mchango, ila si ule aliofikiria. Wakati wa baridi ya kaskazini, Januari ikiwemo, tofauti ya joto huwa kubwa zaidi na upepo huo huzidi nguvu. Katikati ya mkondo unaweza kupita kilomita 200 kwa saa.

Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Tuseme upepo wa wastani njia nzima ni 70 tu. Ukiupinga unabaki na mwendo wa 830 juu ya ardhi, na zile kilomita 6,600 zitakula karibu saa 8. Ukikusukuma mgongoni unapata 970, na utatumia chini ya saa 7. Ongeza muda wa kutembea chini uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua, na kupinda njia hapa na pale, utafika kwenye 9 na 8 za tiketi yako. Marubani hawaendi kwa kubahatisha. Njia za Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya kila siku kufuatana na upepo, na waongozaji wa Gander huko Canada na wa Shanwick upande wa Uingereza na Ireland ndio wanaogawana bahari hiyo. Wanaokwenda Marekani hukwepa mkondo, mara nyingine hadi karibu na Greenland. Wanaorudi hutafuta katikati yake.

Amsterdam–KIA haina tofauti kubwa hivyo, kwa kuwa njia hiyo inakwenda kaskazini–kusini na kuukata upepo ubavuni.

Twende kwenye zile saa 14 na nusu. Vikokotoo vya intaneti hufanya jambo rahisi: vinapima mstari mfupi kabisa kati ya viwanja viwili, vinagawa kwa kasi ya ndege, basi. Kilomita 13,100 kwa 900 zinakupa 14 na nusu. Umbali ni wa kweli. Muda ni wa ndege ambayo haipo. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka KIA kwenda Chicago, wala kwenda mji wowote wa Marekani.

Si kwamba teknolojia haijafika. Singapore kwenda New York ni zaidi ya kilomita 15,000 na kuna ndege inayokwenda bila kutua, saa 18 na zaidi hewani. Jirani zetu wa Kenya Airways walianza Nairobi–New York Oktoba 2018, saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tena ule upepo umejionyesha. KIA yenyewe ina barabara ya kurukia ya mita 3,600 na iko usawa wa chini kuliko Nairobi, jambo linalosaidia ndege nzito kuruka. Kinachokosekana ni abiria. Ili njia ijilipe, unahitaji watu mamia wa kwenda mji huohuo siku hiyohiyo, mwaka mzima, na watalii wetu wa mlimani na mbugani hutoka miji mingi tofauti. Ndiyo maana tunakusanywa kwenye miji mikubwa ya kuunganishia.

Na hapa ndipo nikuondoe wasiwasi wa "kuzungushwa Ulaya". Umetazama ramani ya ukutani, ukaona Chicago iko kushoto, ukachora mstari kupita Kongo. Ramani hiyo ni dunia iliyobanwa ikawa bapa, na ubanaji huo unapotosha mistari mirefu. Chukua tufe la darasani, au hata mpira, ubandike alama mbili: moja chini kidogo ya mstari wa ikweta kwa ajili yetu, nyingine upande wa pili, juu, usawa wa Roma, maana Chicago iko karibu latitudo ileile ya Roma. Vuta uzi ukaze kati yake. Utaona uzi haushuki Kongo. Unatoka kwa pembe ya kaskazini-magharibi: Ziwa Victoria, Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria, Morocco, kisha unaingia Atlantiki kando ya Ureno na kuikuta Amerika pande za Newfoundland. Mstari mfupi wenyewe unapita mlangoni mwa Ulaya.

Kwa hiyo KIA–Amsterdam–Chicago, ukiacha ule mchepuko wa Dar, ni kilomita 13,500. Umezidi mstari mfupi kwa kilomita 400 tu, kama nusu saa ya ndege. Ukweli wa angani huongeza kidogo, kwa sababu ndege hazipiti kila mahali. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, nyingi huikwepa anga ile, na kila mkwepo una dakika zake.

Njia nyingine umeuliza. Kupitia Istanbul ni kilomita 13,800, nzuri kwa umbali, ila ndege zake kwetu zimekuwa za usiku wa manane, na yale niliyosema ya tarehe yanahusika hapo. Kupitia Doha ni 15,000, kwa sababu unakwenda kwanza kaskazini-mashariki kabla ya kugeuka. Kipande cha pili peke yake ni zaidi ya saa 14 bila kutua. Huduma za huko husifiwa, lakini kwa mzee wa kisukari saa 14 za kiti kimoja si jambo dogo. Addis kwa kilomita iko vizuri, 13,600 hivi. Tatizo lake ni kimo. Uwanja wa Bole uko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege iliyojaa mafuta ya kwenda Amerika hushindwa kubeba uzito wote ikaruka salama. Hivyo safari zinazokwenda Marekani hutua mahali njiani kujaza mafuta, na baadhi ya zinazorudi huja moja kwa moja.

Ukiniuliza mimi, ningebaki na tiketi uliyopewa. Inagawanya safari karibu sawasawa, kipande kirefu kabisa cha kuwa hewani bila kutua ni kama saa 9, na mahali pa kubadilisha ndege ni Amsterdam tu. Dar mama hashuki. Abiria wanaoendelea kwa kawaida hubaki kwenye viti vyao. Mwambie hilo mapema, maana mtu ambaye hajawahi kupanda ndege akiona wenzake wananyanyuka na mabegi, naye atanyanyuka. Saa 5 za Amsterdam unazoona ni nyingi zitamfaa: atatembea, atakula, atakwenda msalani bila haraka, na ikitokea Dar mmechelewa kuondoka hatakosa ndege ya pili. Mtu akikupa tiketi ya bei nafuu yenye saa moja na dakika kumi ya kubadilisha, kwa mama huyu ikatae.

Jambo moja lihakikishe: safari nzima iwe kwenye tiketi moja, namba moja ya uhifadhi. Wapo wanaokata KIA–Amsterdam kivyake na Amsterdam–Chicago kivyake kwa kuokoa pesa. Ukifanya hivyo, mzigo hauendi hadi mwisho, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri wala hairudishi nauli, na huenda mama akalazimika kutoka nje kuchukua begi, jambo linalotaka viza ya Schengen. Kwenye tiketi moja begi linaandikwa KIA hadi Chicago na yeye anabaki ndani ya eneo la abiria wanaounganisha.

Piga simu ofisi ya shirika uombe msaada wa kiti cha magurudumu, kwenda na kurudi. Najua atasema yeye si kilema. Mweleze kwamba kiti ni njia tu ya kupata mtu wa kumshika mkono kutoka mlango wa ndege hii hadi mlango wa ile, katika uwanja ambao kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine kunaweza kumaliza dakika 25. Huduma hiyo hailipiwi. Iombeni siku mbili au zaidi kabla.

Sasa mwili wake. Ndani ya ndege hewa hubanwa iwe kama ya mtu aliye kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtu wa Kilimanjaro hilo ni rahisi kulielewa: ni kama kukaa usiku kucha mahali fulani kati ya lango la Marangu na kibanda cha Mandara. Mtu mwenye moyo na mapafu mazima hatashtuka, atakauka koo na kuchoka tu. Miguu kuvimba kidogo ni kawaida. Kinachoogopwa ni damu kuganda miguuni kwa kukaa muda mrefu. Hatari hiyo huanza kuongezeka safari ikizidi saa 4 hivi, na ni ya chombo chochote, hata basi. Akatiwe siti ya upande wa korido, asimame kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, azungushe vifundo vya miguu, anywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake siku za baadaye, au akiumwa kifua na kukosa pumzi, asisubiri: hospitali siku hiyohiyo, kule au huku.

Insulini ndiyo itakayokupeleka kwa daktari, na hapo sitajifanya daktari. Nitakueleza tu kwa nini ni lazima. Siku ya kwenda, jua litamkimbilia mbele: kutoka asubuhi ya Moshi hadi kulala Chicago "siku" yake itakuwa ndefu kwa saa 9. Ya kurudi itakatwa saa 8. Mtu anayechoma kwa kuangalia saa ya ukutani, asubuhi na jioni, anaweza kuchelewesha mno dozi akienda, au akarudia haraka mno akirudi, na sukari ikashuka akiwa juu ya bahari. Mpangilio unategemea aina ya insulini anayotumia. Nendeni naye kliniki, iwe KCMC au Mawenzi, angalau mwezi mmoja kabla, mkiwa na ile karatasi ya ratiba uliyoiandika kwa saa zetu. Mwombeni daktari aandike kwenye karatasi hiyohiyo lini achome na kiasi gani. Mwombeni na barua ya Kiingereza inayotaja dawa na sindano zake kwa ajili ya ukaguzi. Insulini yote iingie begi la mkononi. Kwenye tumbo la ndege inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika, na begi lenyewe linaweza kuchelewa. Awe na biskuti na peremende mfukoni.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Ingawa kurudi ni kufupi, ndiko kutakakomsumbua zaidi baadaye. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu inapenda kurefusha siku kuliko kuifupisha, kwa hiyo kusogea magharibi huzoeleka upesi, kusogea mashariki huchukua muda. Akirudi Aprili mtegemee wiki nzima au zaidi kidogo ya kuamka saa nane za usiku akitaka chai na kusinzia mchana. Mpunguzieni wageni. Ziara za kuja kumpa pole ya safari zinaweza kungoja.

Mizigo nitaipitia haraka, isipokuwa ndizi. Mama wa Kichagga anayekwenda kwa mzazi bila ndizi za mtori hajisikii amekwenda. Lakini forodha ya Marekani haitaki matunda mabichi wala nyama kutoka huku, na asiyetaja alichobeba hupigwa faini. Ndizi mbichi Chicago zipo madukani, hasa ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mdogo wako azitafute kabla, mama apike akifika.

Masharti ya viza yanabadilika, hayo ulizeni ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wenyewe kabla ya kulipia tiketi, msitegemee mtu wa mtaani anayejua mtu. Na tiketi ikishalipwa, iangalieni tena mwishoni mwa Machi. Wakati huo mashirika hubadilisha ratiba za msimu wa baridi kwenda za kiangazi, na Ulaya nayo husogeza saa Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, wiki mbili au tatu baada ya Marekani. Ndege ya mama ya Aprili inaweza kusogea dakika kumi au saa mbili. Ikisogea, mrudieni daktari kwa simu na muda mpya.